Mpishi Asiyeonja

Kevina Candiru amepika miaka ishirini na moja bila kuonja, na ukimwambia kwamba hilo ni jambo la ajabu atakutazama kana kwamba mwenye kasoro ni wewe. Anayeonja kila dakika, atakujibu, hajui anachokifanya, ndiyo maana kila mara anakwenda kukiuliza chakula. Yeye hakiulizi. Alikuwa anafunua kifuniko, anainamisha uso kidogo, anavuta pumzi moja, na mambo yote yalikuwa yamekwisha: chumvi ipo, tangawizi imeiva, haradali imepasuka vya kutosha, zima moto. Alijivunia pua ile kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma.

Nyumba anayopika ni ya Ba, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji wa Arua. Ba ni neno la Kigujarati la kumwita mama au bibi. Jina lake halisi ni Kantaben, lakini hakuna anayelitumia, hata wauza mkaa chini barabarani humwita Ba. Ana miaka sabini na minne, magoti yasiyokunjika vizuri, na mwana mdogo anayeitwa Jitesh, ambaye juma zima yuko Koboko, mji wa mpakani, kwenye ghala lao akiwauzia mabati na saruji watu wa Kongo na wa Sudani Kusini, halafu Jumamosi anarudi nyumbani kula.

Pembeni ya sebule ya Ba kuna kabati la mbao lenye milango midogo, na ndani yake anakaa Mungu wa nyumba ile: sanamu ya shaba ya Krishna akiwa mtoto mchanga anayetambaa, ukubwa wake kiganja cha mkono. Asubuhi Ba humwamsha, humwogesha, humvika nguo alizomshonea mwenyewe, na saa sita mchana humlisha. Kevina ni Mkatoliki, tena wa misa ya alfajiri, na tangu wiki yake ya kwanza alimwita Mtoto, kwa kuwa ndivyo alivyomwona. Ba alicheka, akaliacha jina likae. Sheria ya Mtoto ni nyepesi kuisema na ngumu kuishika. Chakula kikishapikwa ni chake. Ukikionja kabla yake umempa makombo, na sinia hiyo haiwezi tena kwenda kabatini. Akishapelekewa, milango hufungwa kidogo, hufunguliwa, na chakula kile kinakuwa prasadi, yaani baraka, ndipo binadamu nao wanakula.

Jinsi Kevina alivyoipata kazi hiyo ni kichekesho ambacho Ba mwenyewe hachoki kukisimulia. Mwaka 2004 familia ilikuwa bado Koboko, na Kevina, mwanamke wa kijiji cha Inde aliyeolewa na mbeba saruji aitwaye Afedra, alikuwa akiuza chai na maharage karibu na soko. Ba alikuwa akitafuta mpishi, na siku nzima alikaa dirishani akiwatazama akina mama wa sokoni. Wote walikuwa wakilamba mwiko. Mmoja tu hakulamba. Alikoroga, akapakua, akahesabu chenji, na hakuna kitu kilichoingia mdomoni mwake tangu asubuhi hadi saa kumi. Ba akashuka ngazi na magoti yake, akamwajiri palepale. Ilipita wiki ndipo alipogundua kwamba siku ile ilikuwa Jumatano ya Majivu na Kevina alikuwa amefunga. Kufikia hapo lakini Kevina alikwishapika siku saba bila kuonja, na Mtoto hakuwa amelalamika.

Jamaa wa Ba walisema maneno. Wengine waliona si sawa mkono wa mtu wa nje kumpikia Mungu. Ba aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akawauliza nani kati yao yuko tayari kuja kila siku saa kumi na mbili asubuhi kusimama jikoni badala yake. Habari ikaishia hapo. Kwa upande wake Kevina alijifunza yanayotakiwa: kuoga na kubadili nguo kabla ya kugusa sufuria, kuacha viatu mlangoni, kutotia kitunguu wala kitunguu saumu katika sinia ya Mtoto, kutengeneza samli kutokana na siagi, na kupika dali, ule mchuzi mwepesi wa dengu unaomwagiwa juu yake mafuta ya moto yenye haradali na bizari. Familia ilipohamia Arua alihama nayo, akapanga nyumba mtaa wa Awindiri, na baadaye yeye na Afedra wakajenga yao hukohuko.

Jambo lililompa raha kuliko mshahara, na analisema wazi, ni kwamba katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwambia chakula kina kasoro. Hata siku moja. Si Ba, si mumewe alipokuwa hai, si Jitesh, si wageni. Walikula, wakaosha mikono, wakanyamaza. Wapishi wenzake wa mjini, wanaofanya kazi kwa wakubwa wa mashirika, kila Jumapili baada ya misa walikuwa na hadithi za kusemwa: leo nyama ngumu, jana supu ya maji. Kevina alikuwa akiwasikiliza kwa huruma yenye kiburi ndani yake. Kwake yeye, kunyamaza kwa Ba kulikuwa ni pongezi ya kila siku.

Basi mwezi wa nne mwaka huu alishikwa na homa ya mafua, siku tano kitandani, akapona kila kitu isipokuwa pua. Aliligundua hilo jikoni kwake Awindiri, alipoinama juu ya chungu cha osubi, majani ya kunde yaliyotiwa simsim, akavuta pumzi na hakupata kitu. Alivuta tena. Ilikuwa kama kuinama juu ya chungu kitupu. Alinusa sabuni, akanusa mafuta ya taa, akanusa shati la Afedra la jana, na hapo ndipo alipojua maji yamefika shingoni.

Hakumwambia mtu. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mpishi asiyeonja na asiyenusa ni mpishi wa nini? Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kazi nyingine hakuijua. Akajikaza kisabuni, akaanza kupika kwa kukumbuka: chumvi kwa ncha za vidole vitatu, haradali kwa kusikiliza mlio wake, samli kwa kutazama rangi. Kila mchana alimpelekea Ba sinia, na kila mchana Ba alikula, akaosha mikono, akanyamaza. Wiki zikapita, ikawa miezi. Taratibu Kevina akatulia. Alijiambia kwamba mkono wake umejifunza kazi ya pua, na akaanza hata kuimba tena akikata bilinganya.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Afedra alisema maharage yana moshi. Juma jingine akasema maziwa yameungua. Kevina alimjibu kwamba tangu aanze kula kwenye vibanda vya wajenzi ulimi wake umeharibika, na kwamba wako watu wakubwa mjini wanaokula chakula cha mikono hiyohiyo na hawatii neno. Afedra, ambaye ni mtu wa amani, alichukua enyasa yake, ule ugali wa muhogo, akala.

Wiki mbili kabla ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, akafika Hetal, mjukuu wa Ba kutoka Leicester, Uingereza. Hapa inabidi tueleze kidogo. Ba aliolewa Arua akiwa binti wa miaka kumi na tisa, na baada ya miaka miwili, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nchini, akajikuta Leicester na koti la kuazima, akishona soksi kiwandani. Alikaa huko miaka ishirini na tatu. Mumewe aliporudi kufungua biashara upya yeye alikuja naye, lakini mwana wao mkubwa alikuwa tayari ameota mizizi kule, na Hetal ni binti wa huyo. Ana miaka ishirini na minne, anasema Kigujarati cha kuokoteza na Kiingereza cha haraka, na alikuja na daftari. Alitaka kuandika mapishi yote ya Ba kabla hayajapotea. Ba alimwelekeza jikoni akamwambia mapishi yako kwa Kevina.

Walipatana mara moja. Hetal alimwita Kevina masi, yaani mama mdogo, akawa anakaa juu ya pipa la mchele na mizani ndogo ya kielektroniki aliyokuja nayo, akipima kila kitu kilichotoka mkononi mwa Kevina kabla hakijafika kwenye sufuria. Walizungumza Kiingereza, na Kiingereza cha Kevina cha darasa la saba kilitosha. Binti alimsimulia hekalu lao la Leicester, ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha viatu, na sikukuu inayofuata siku moja baada ya Diwali, Anakuti, mlima wa chakula, ambapo watu wa huko humpangia Mungu mamia ya vyakula, na katikati ya vitumbua na halua kunakuwa na piza isiyo na kitunguu, keki za rangi, na chokoleti. Kevina alicheka mpaka akashika ubavu. Alimuuliza kama Mtoto wa Leicester hapati kuumwa tumbo.

Siku ya tatu Hetal alimuuliza anajuaje dali imeiva kama haonji. Kevina, bila kufikiri, akamjibu kwa kujivuna kwamba anainusa. Binti akaacha kuandika. Alisema kwao, katika darasa la hekaluni, walifundishwa kwamba hata kunusa hakufai, kwa maana harufu nayo ni ya Mungu kwanza, na wapishi wa kule hujifunga kitambaa puani. Kisha, akiona uso wa masi yake umebadilika, akaharakisha kumtuliza. Asijali, alisema, kwa Ba hakuna atakayemlaumu, kwani prasadi hailaumiwi wala haisifiwi. Baba yake aliwahi kumsimulia kwamba zamani Leicester Ba alikosea akatia chumvi badala ya sukari kwenye wali wa maziwa, na babu akala bakuli zima, akaomba la pili, na hakusema kitu mpaka kufa.

Binti alicheka, akarudi kwenye mizani yake. Kevina hakucheka. Alikuwa ameshika kijiko hewani. Habari ya pua haikumwumiza sana, maana pua ilikuwa imekufa na sheria hiyo alikuwa anaitimiza kwa miezi sita bila kujua. Kilichomchoma ni lile bakuli la pili. Kumbe wanakula tu. Kumbe wangekula hata udongo, mradi umepita kabatini. Miaka ishirini na moja ya kunyamaza, aliyoipanga moyoni kama vyeti ukutani, ilikuwa ni adabu ya dini, haikuwa na habari na yeye.

Jioni ile alitembea hadi Awindiri badala ya kupanda bodaboda. Akamkuta Afedra anaosha miguu nje, akakaa karibu naye kwenye kigogo, akamwambia yote: pua, mwezi wa nne, bakuli la wali wa chumvi. Afedra alisikiliza na mguu mmoja ndani ya beseni. Mkewe alipomaliza, hakumkumbusha habari ya maharage yenye moshi, na Kevina alimpenda kwa hilo. Alimwambia tu aende kumwambia Ba mwenyewe, kabla ya Anakuti, kwani siku hiyo familia zote za Wahindu wa Arua zitaleta vyombo vyao pale, na sufuria kubwa katikati itakuwa ya Kevina.

Kevina alisema Ba atamfukuza. Afedra akasema pengine, lakini bora afukuzwe kwa ukweli.

Asubuhi alimkuta Ba kitini mbele ya kabati, anamvika Mtoto koti la manjano la sikukuu. Hetal alikuwa bado amelala. Kevina alipiga moyo konde akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Ba, pua yangu ilikufa," alisema. "Toka mwezi ya nne. Mimi hapana sikia harufu hata kidogo."

Ba alifunga kifungo cha koti. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na kilimchukua muda.

"Mimi najua," alisema.

"Ulijua siku gani?"

"Ile wiki nyuma ya Pasaka. Dali iliungua chini, wewe unaleta na kucheka. Mutu iko na pua hawezi kucheka na dali kama ile."

Kevina akahisi uso wake unawaka. Ilimaanisha kwamba kwa miezi sita yule bibi amekula haradali nyeusi na maziwa yenye moshi, kila siku ya Mungu, na kuosha mikono. Alimuuliza kwa nini hakumwambia. Ba akamtazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ameulizwa kwa nini hatembei kwa kichwa. Chakula kilikwishakuwa prasadi, alisema. Baada ya hapo ungesema nini?

Kevina akamwambia basi atafutwe mpishi mwingine, na yeye atamfundisha mpaka ajue. Alikuwa ameyakariri maneno hayo njia nzima na aliyasema bila kulia. Ba alimrudisha Mtoto kabatini, akashika mkono wa kiti, akasimama kwa awamu mbili kama kawaida yake.

"Wewe iko na mkono," alisema. "Mimi iko na pua. Nani alisema lazima vitu yote ikae kwa mutu moja?"

Tangu siku hiyo kiti cha Ba kilihamia jikoni. Alikaa kando ya jiko na fimbo yake, macho amefumba, na Kevina alipokuwa akipika, fimbo ndiyo iliyosema: pigo moja sakafuni, ongeza moto, mapigo mawili, epua. Hetal alipoona aliuliza kwa upole kama Ba anakumbuka ile habari ya kunusa. Ba alisema anaikumbuka sana. Leicester, alieleza, yeye alikuwa na mafua miezi sita kila mwaka, kwa hiyo sheria ya pua haikumsumbua kule, na Arua ina hewa nyingine. Binti akaandika hata hilo kwenye daftari.

Anakuti ikaja. Walianza kupika kabla ya mapambazuko, na saa tano familia zikaanza kupanda ngazi na vyombo vyao, mama wa duka la dawa na halua ya karoti, vijana wa kiwanda cha magodoro na viazi vya bizari. Vyote vikapangwa mbele ya kabati kwa ngazi, vyakula thelathini na nane, na boksi la chokoleti la Hetal juu kabisa, karibu na mkono wa Mtoto. Katikati, ndani ya sufuria ya shaba inayobebwa na watu wawili, ilikuwa dali ya Kevina. Waliimba, wakazungusha taa, wakafunga milango, wakaifungua. Kisha watu wakaketi sakafuni na wakala.

Kevina alisimama kwenye pazia la jikoni akiwatazama. Jitesh, aliyekuja kutoka Koboko usiku wa jana yake, alipakua dali mara tatu. Vijana wa magodoro walifuta bakuli kwa vidole. Zamani angeondoka pale akiwa mwepesi kama mtu aliyelipwa. Leo kila bakuli lililorudi tupu lilimwachia swali lilelile. Walikuwa wanakula kwa sababu ni tamu, au kwa sababu ni baraka? Hakukuwa na namna ya kujua, wala hakukuwa na mtu wa kumuuliza, maana wote walikuwa na sheria moja.

Asilaumiwe kwa hilo. Kazi ilikuwa salama, Ba alikuwa upande wake, mshahara ulikuwa palepale. Lakini mtu aliyefanya kitu kimoja maisha yake yote anataka kujua kama alikifanya vizuri, na wala si ulafi kutaka hivyo. Usingizi ulimtoroka siku ile.

Kesho yake nyumba ilikuwa kimya, vyombo vya wageni vimerundikwa vikisubiri wenyewe. Jitesh alikwisharudi Koboko. Kevina alipika dali ndogo ya kawaida, ya watu watatu na Mtoto, Ba akiwa kitini na fimbo yake. Mapigo mawili, akaepua. Akamwaga haradali ya moto juu, ikachemka na kutulia. Akachukua sinia, akaifuta, na badala ya kupakua akaiweka chini.

"Ba, nataka kuuliza kitu moja," alisema. "Mbele ya pua kufa. Ile miaka yote. Mimi nilikuwa napika mzuri ama hapana?"

Ba alifumbua macho. Kevina aliona jinsi anavyotafuta jibu, akaona pia kwamba hapati, kwa kuwa kila chakula anachoulizwa kilipita kabatini kwanza, na juu yake mdomo wa Ba umefungwa. Akajuta kuuliza. Akainama kuchukua sinia.

Hapo Ba akanyoosha mkono, akachukua bakuli la bati lililokuwa kwenye kichanja cha vyombo, akatumbukiza upawa ndani ya sufuria, akajipakulia dali.

"Ba, Mtoto hajakula," Kevina akasema.

"Najua."

Akaipuliza. Akanywa. Hetal alikuwa ametokea mlangoni na mswaki mdomoni, na alibaki hivyohivyo, povu likimtiririka kidevuni, akimtazama bibi yake wa miaka sabini na minne akila chakula cha Mungu mbele ya Mungu. Ba alikunywa bakuli lote bila haraka. Alipomaliza akaliweka magotini, akaanza kuhesabu kwa vidole kama mtu ambaye amesubiri zamu yake muda mrefu sana.

"Chumvi iko mingi kidogo. Tangawizi ni ya jana, hapana ya leo. Nyanya uliharakisha. Na ile sukari guru naona uliogopa kutia, sababu gani unaogopa?"

Kevina alisimama mikono ikining'inia. Katika maisha yake hakuwahi kusemwa na Ba, na kila kosa lilimwingia tamu kuliko lililotangulia. Alitamani yawe mengi. Aliuliza kama kuna lingine.

"Hapana. Hiyo ndiyo mbaya yake." Ba aligeuza bakuli tupu mikononi. Sauti yake ilishuka, na alisema akitazama sebuleni, kwenye kabati. "Ile ya zamani sasa. Kila siku mimi nabeba sinia yako mpaka kwa Mtoto, napiga magoti, nafunga macho. Watu naona Ba anaomba. Mimi hapana omba, Kevina. Miaka ishirini na moja mimi naona wivu tu. Nasema, kwa nini huyu anakula mbele yangu."

Kevina aligeukia karo, akafungua bomba, akalifunga. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyazuia. Hetal alitoa mswaki, akauliza kwa Kigujarati chake cha kuokoteza kitu gani kimetokea, na Ba akamwambia akalete dengu nyingine kutoka kwenye pipa, hii haifai tena kwenda kabatini.

Wakaanza upya, wote watatu, tangu kuchambua mawe. Siku hiyo Mtoto alikula saa tisa na robo.